Naomba ushauri: bendi kwenye mgahawa wa baga
Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi na mdogo wangu tunaendesha migahawa mitatu ya baga jijini Dar es Salaam, na tangu mwaka jana ule wa Sinza tumeuwekea jukwaa dogo ambapo bendi ya watu wanne hupiga muziki wa dansi kila Ijumaa na Jumamosi kuanzia saa mbili usiku.

Wateja wameongezeka kweli, lakini wengi wao huagiza soda moja na sahani ya chipsi, wakaikalia meza hiyo hiyo hadi saa tano, huku familia zinazokuja kula baga na kuondoka zikikosa pa kukaa. Malipo ya bendi nayo hayasubiri mauzo. Mdogo wangu anapendekeza kiingilio; mimi naona kwamba mtu anayetafuta chakula cha jioni tu atageuzia mlangoni.

Lipo pia suala la majirani. Vibali tunavyo, nyimbo za watu tunazilipia kama Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavyotaka, ila karatasi haizuii besi kupenya ukuta wa jirani, na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) ndiyo inayosimamia masuala ya kelele.

Kwa mliowahi kuendesha biashara ya namna hii, je, ni bora kuweka kiwango cha chini cha matumizi kwa kila meza, au kupandisha bei kidogo usiku wa bendi? Na kabla hatujapeleka jukwaa Tabata, ni njia gani nafuu ya kupunguza sauti katika ukumbi ulio wazi upande mmoja?