Kampala Julai: chakula cha wiki cha watu sita, nikanunue soko gani?

Mgeni_Ntinda: Wakuu habari. Nahamia Ntinda mwisho wa Juni, nyumbani tuko sita. Nataka kununua matoke, nyanya na maharage ya wiki nzima. Niende soko gani, saa ngapi, na mgeni hupunjwa wapi? Kiluganda changu kinaishia kwenye salamu.

Mama_Mboga: Nenda Kalerwe, barabara ya Gayaza, uwe umefika saa kumi na mbili asubuhi malori yakiwa bado yanashusha. Nakasero ni pazuri kwa matunda yaliyochaguliwa, ila unalipia huko kuchaguliwa. Owino (jina rasmi St. Balikuddembe) utapata kila kitu, msongamano ukiwemo. Uliza "ssente mmeka?" (bei gani?), akitaja bei sema "salako, nnyabo" (punguza, mama). Mkielewana, dai enyongeza: nyanya mbili tatu juu ya fungu ni kawaida, wala hutaonekana mchoyo.

Kikonyo: Matoke huuzwa kwa mkungu, hayapimwi kilo, na hapo ndipo wageni huumia: mkungu mrefu wenye ndizi nyembamba ni maganda matupu. Tazama ndizi za chana cha kati. Zikiwa na kona kali bado ni changa. Kona zikianza kufifia zimekomaa. Kisha kagua kikonyo kilipokatwa. Utomvu ukiwa bado unanata, mkungu ni wa jana au leo. Pakiwa peusi na pakavu, umeshakaa siku kadhaa na kwa joto hili utaiva kabla hujaumaliza. Usinunue miwili kwa pamoja. Chukua mmoja, wa pili katikati ya wiki, na usiufunike kwa kaveera (mfuko wa plastiki).

Debe_Kamili: Maharage mapya huanza kuingia Juni na Julai. Nambale (aina ya maharage) mpya huiva upesi na hula mkaa kidogo, lakini mara nyingi huja na unyevu. Ng'ata moja: jino likizama, acha. Nyumbani tia maharage kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, anika tena. Yakikauka, jaza jerikeni hadi mdomoni na ufunge kabisa. Fukusi hufa kwa kukosa hewa. Jerikeni nusu haisaidii. Na kikombe cha kupimia kitazame ndani, wapo wanaobonyeza kitako.

Mgeni_Ntinda: Asanteni sana. Nikienda jioni si bei hushuka?

Mama_Mboga: Hushuka kwa majani kama dodo na nakati, maana hayalali. Nyanya za jioni zimeshapigwa jua na kuminywa na kila mpita njia. Ukinunua boksi zima, omba limwagwe: nzuri hupangwa juu, zilizopasuka chini. Chukua nusu nyekundu, nusu zenye kijani. Lile vumbi jeupe ni dawa ya ukungu. Sugua kwa maji yanayotiririka, lakini wakati wa kupika tu, kwa sababu nyanya iliyolala na maji huoza.

Kikonyo: Na boda akubali bei kabla ya kufunga mkungu. Ukishafungwa, hamna tena cha "salako".