Acheni kuflashi simu za watu kwa kosa la waya!

WayaMweupe:

Salamu baadaye. Huu mchezo umezidi.

Mtu anaingia kibanda cha simu huko Luthuli au Moi Avenue, Nairobi. Shida yake ni moja tu: simu inachaji ikichomekwa kwa kompyuta, lakini kompyuta haiioni, naye anataka kutoa picha. Fundi anachomeka mara moja, anatikisa kichwa, anatamka lile neno la kufungia mjadala: "softiweya." Simu inaflashiwa, yaani inawekewa mfumo upya. Picha alizokuja kuokoa ndizo za kwanza kufutika. Analipa, anarudi nyumbani, anachomeka, na kompyuta bado haioni kitu, kwa sababu waya ni ule ule aliokuwa nao asubuhi.

Tangu lini kuflashi kukaunganisha waya uliokatika?

Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne ndani: nyekundu ya volti 5, nyeusi ya kurudisha umeme, halafu nyeupe na kijani za kubeba data. Kuchaji kunahitaji nyekundu na nyeusi peke yake. Sasa chukua moja ya zile kebo zinazotandazwa juu ya gunia kando ya barabara, ikate katikati, uchune gamba. Mara nyingi utakuta nyekundu na nyeusi tu, nyembamba kama uzi wa kushonea, na nailoni imeshindiliwa pembeni ili kebo ijae mkononi. Kwa nje imeandikwa "Fast Data". Data ipi, jamani, na ipitie wapi?

Chungulia ile ncha pana inayoingia kwa kompyuta. Ukiona vibati viwili tu vya pembeni, hiyo ni ya chaji, irudishe. Ukiona vinne bado hujamaliza, maana vibati vinaweza kuwepo na nyaya zisiwepo. Mwenye mita ya umeme anaweza kupima kama vile viwili vya katikati vinafika ncha ya pili, ila kwa ncha ya Type-C hiyo ni kazi ya sindano na macho makali. Njia rahisi ni kuiuliza simu. Chomeka, teremsha arifa. Ukiona arifa inayotaja USB, simu na kompyuta zimesalimiana. Ukiona inachaji tu kama iko ukutani, na kompyuta haikutoa hata mlio, nyaya za data hazifiki. Tafuta kebo nyingine kabla ya kugusa kitu chochote. Ile iliyokuja na simu kwenye boksi ndiyo ya kuamini kwanza, na fupi ni bora kuliko zile za mita 3.

Kebo ikiwa nzima, hatua inayofuata haihitaji fundi wala shilingi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu, kwa usalama wako mwenyewe. Lazima uifungue kwa PIN au alama ya kidole, ubonyeze ile arifa ya USB, uchague "File transfer". Usipoifungua, kompyuta inaweza kuonyesha jina la simu lakini folda tupu kabisa, na hapo ndipo watu huanza kulia kwamba picha zimepotea. Hazijapotea. Mlango umefungwa na ufunguo uko kidoleni mwako. Aliyechoka kuchagua kila mara aende kwa "About phone", agonge "Build number" mara saba, kisha ndani ya "Developer options" atafute "Default USB configuration" aiache kwa "File transfer".

Sasa hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nusu ya laptopu za mji huu ni ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kwanza.

Windows ina matoleo yanayoishia na herufi N. Yalizaliwa baada ya Tume ya Ulaya kuamua mwaka 2004 kwamba Microsoft itoe pia Windows isiyo na kichezeshi chake cha muziki na video. Kilipoondolewa, kikaondoka pia na MTP, ile lugha ambayo Android hutumia kuonyesha mafaili yake kwa kompyuta. Kwa hivyo laptopu ikija na toleo la N kutoka huko, au muuzaji akiiwekea hilo hilo bila kujua, simu itachaji, mlio utasikika, lakini kwa "This PC" hakuna simu. Hapo utaflashi simu mpaka kesho.

Kupima ni sekunde kumi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, Enter. Ukisoma "Windows 10 Pro N" au "Windows 11 Pro N", mwizi umempata. Ingia "Settings", "Apps" (kwa Windows 11 mpya ni "System"), "Optional features", ongeza "Media Feature Pack", washa kompyuta upya. Usiruke huko kuwasha upya, bila hiyo haitafanya kazi. Pakiti ni ya bure na inatoka kwa Microsoft wenyewe, kwa hivyo anayekutoza "pesa ya draiva" hapo anakuuzia maji ya mvua.

Anayeuza laptopu bila kumwambia mteja ni toleo la N, na anayeflashi simu bila kuangalia winver, wote nawaweka kapu moja.

---

KotaYaSoda:

Bosi, punguza moto kidogo. Mimi niko upande wa pili wa meza na si kila fundi ni mwizi. Umesahau tundu lenyewe la simu.

Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina kibao kidogo chini, ndicho watu huita sistemu ya chaji, kilichounganishwa na bodi kuu kwa utepe. Kikibadilishwa kwa cha bei ya kutupa, chaji inarudi na data hairudi, kwa sababu njia za data kwenye kibao hicho au kwenye utepe hazijakaa sawa. Mteja hagundui mpaka miezi miwili baadaye anapotaka kutoa picha. Kwa hivyo swali la kwanza kwa mteja liwe: tundu liliwahi kubadilishwa?

Na kuna kipimo ambacho hakihitaji kompyuta kabisa. Chukua kiunganishi cha OTG (kile cha kuchomeka vifaa vya USB kwa simu) na flashi diski, chomeka kwa simu. Kama simu inakubali OTG na ikasoma flashi, njia za data za tundu ni nzima, shida iko kwa kebo au kompyuta. Isiposoma, jaribu flashi hiyo kwa simu nyingine kwanza, ndipo uanze kulaumu tundu.

Kabla ya hapo lakini, safisha. Simu inayokaa mfukoni mwa jeans inashindilia pamba na vumbi ndani ya tundu mpaka ncha haiingii yote. Chaji inapita, data inayumba. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, kwaruza sakafu ya tundu polepole bila kupinda kile kilimi cha katikati. Pini ya chuma usithubutu.

---

WayaMweupe:

@KotaYaSoda hapo nakubali, OTG niliisahau. Lakini niambie, kuna siku hata moja kuflashi ndiyo dawa?

---

KotaYaSoda:

Karibu hakuna. Kuna wakati simu inaonekana, folda zinaonekana, lakini picha mpya hazimo. Hiyo ni orodha ya mafaili ndani ya simu iliyochanganyikiwa, kwa sababu MTP, hasa ya simu za zamani, haisomi diski moja kwa moja, inaonyesha kile ambacho simu imeorodhesha. Washa simu upya kwanza. Ikikataa, nenda kwa orodha ya programu, onyesha za mfumo, tafuta "Media Storage", futa data yake, washa tena, uiache dakika kadhaa ijiorodheshe. Picha zenyewe haziguswi. Fundi anayejua hilo hawezi kukimbilia kuflashi.

---

Kayole_Junction:

Wasee, yangu inaleta alama ya njano kwa Device Manager. Moja imeandika Code 28, nyingine "Device Descriptor Request Failed". Ni kitu kimoja?

---

WayaMweupe:

Hapana, ni mbali kama Ngong na Thika. Code 28 ni draiva haipo, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Bofya kulia hiyo laini, "Update driver", "Browse my computer", halafu "Let me pick", chagua "Portable Devices", kisha "MTP USB Device". Draiva hiyo imo ndani ya Windows tayari, huna haja ya kupakua kitu. Hizo tovuti za "draiva zote bure" ndizo hukuletea virusi. Kama ni toleo la N, weka kwanza ile pakiti.

Hiyo ya pili, ambayo huja na Code 43, ni kwamba kompyuta iliiuliza simu "wewe ni nani?" na jibu halikufika likiwa zima. Hapo ni umeme na waya: kebo, tundu, habu (kile kigawanyaji cha matundu ya USB). Ng'oa habu. Kwa kompyuta ya mezani hama tundu la mbele uende la nyuma, maana ya mbele yanapitia waya mrefu ndani ya kasha, na kwa mashine kuukuu waya huo umelegea. Zima kompyuta kabisa, ichomoe ukutani dakika moja, uwashe. Ikirudi ile ile kwa kebo mbili tofauti, kachomeke simu kwa kompyuta nyingine. Ikifuata simu, ni tundu la simu. Ikibaki na kompyuta, ni kompyuta.

---

SaibaNaMandazi:

Nitetee saiba pia, tunatukanwa sana. Tukikataa kuchomeka simu yako si kiburi. Mashine nyingi zimefungiwa makusudi zisisome simu wala flashi, kwa sababu ya virusi. Mtu anasema "tuma kwa WhatsApp", anatuma picha ya kitambulisho kama picha, inabanwa mpaka namba hazisomeki, halafu lawama kwa printa. Tuma kama dokumenti, inafika ilivyo. Na ukifungua WhatsApp kwa mashine yetu, kabla ya kuondoka nenda kwa "Linked devices" kwa simu yako uiondoe. Watu wanaacha mazungumzo yao yote wazi, anayefuata anakaa na kusoma.

Lingine: wanaoleta intaneti kwa laptopu kupitia waya wa USB. Windows huiona simu kama kebo ya mtandao wa ofisi, inadhani ni intaneti isiyo na kikomo, inaanza kupakua masasisho kimya kimya. Bando la wiki linaisha kabla chai haijapoa, halafu kampuni ya simu inatukanwa bure. Ingia "Network & internet", "Ethernet", washa "Metered connection". Fanya hivyo mara ya kwanza unapochomeka, usingoje ujumbe wa "umebakisha 0 MB".

---

Pipeline_Juu:

Na iPhone je? Inaonekana, lakini nikinakili inasema "A device attached to the system is not functioning". Kebo ni ya boksi.

---

WayaMweupe:

Hiyo wala si kebo. iPhone inapiga picha kwa HEIC, aina ya faili la picha, na wakati wa kunakili inajaribu kuzigeuza ziwe JPEG papo hapo, kisha inakwama katikati. Kwa simu: "Settings", "Photos" (tangu iOS 18 pitia "Apps" kwanza), shuka mpaka chini kabisa, "Transfer to Mac or PC", chagua "Keep Originals". Chomoa, chomeka tena, na kama inauliza "Trust This Computer" ukubali. Utapata mafaili ya HEIC, utayageuza baadaye kwa raha zako. Huko pia nimesikia mafundi wanasema "badilisha bodi". Bodi! Kwa swichi moja ya mipangilio!

---

Kayole_Junction:

Code 28 imeisha, ilikuwa Pro N kweli. Asante. Sasa shida ni video za GB 6, inanakili mpaka nusu halafu "device has stopped responding".

---

KotaYaSoda:

MTP haipendi mizigo mikubwa. Inafanya kazi moja kwa wakati, na skrini ikijifunga au ncha ikitikisika kidogo tu, yote inaanguka. Acha skrini ikiwaka, weka simu mezani usiishike, nakili video moja moja badala ya folda nzima, na usifungue video hiyo kwenye simu ikiwa bado inanakiliwa.

Ikizidi kusumbua achana na MTP. Washa "USB debugging" kwa "Developer options", weka kwa kompyuta zana za adb, za kuiamuru simu kwa kuandika, kisha andika adb devices. Ikisema unauthorized, tazama skrini ya simu ukubali. Kisha adb pull /sdcard/DCIM. Hiyo inavumilia kuliko kuburuta kwa kipanya. Ukimaliza, zima debugging, usiiache wazi.

Bluetooth msinitajie. GB moja ni zaidi ya saa nzima.

---

SaibaNaMandazi:

Au bila waya kabisa: programu ya LocalSend kwa simu na kwa kompyuta, zote kwa Wi-Fi moja, haili bando. Zisipoonana, angalia kama Windows imeuita mtandao huo "Public", ubadilishe uwe "Private" kama ni wa nyumbani. Wi-Fi za ploti na hosteli mara nyingi zimezuia vifaa kuonana. Hapo washa hotspot ya simu, zima data ya simu, unganisha laptopu kwa hotspot hiyo, halafu utume.

---

Kayole_Junction:

adb imeingia, iko video ya tatu. Kebo ya gunia niitupe?

---

WayaMweupe:

Usitupe, inachaji. Funga fundo moja karibu na ncha ili usije ukaichanganya na ile ya data.