Walimu wa Kikorea wa mitandaoni acheni kutufundisha Hangul (herufi za Kikorea) kwa herufi za kizungu!!

Wakuu nimekereka na leo nasema. Nimelipia darasa la Kikorea la mtandaoni, ada nimetoa, bando natoa mimi, halafu somo la kwanza mwalimu anarusha jedwali, kushoto herufi za Kikorea kulia za kizungu, karirini tukutane Jumamosi. Basi! Ukiuliza sauti inatokaje unajibiwa "hiyo ni eo". Eo gani sasa? Mswahili akiona eo anasoma e halafu o, ndo maana darasa zima likawa linasoma Seoul "se-o-u-li" wakati hiyo eo ni herufi MOJA tu, ㅓ, unatoa o ila midomo huiviringishi. Jina zima silabi mbili, 서울. Na ㅡ wanayoiandika eu ni hivyo hivyo, unasema u huku midomo umeitandaza kama unasema i. Kuna ugumu gani kueleza hivyo?

Kinachoniuma zaidi, hizi herufi zilitengenezwa makusudi zieleweke. Mfalme Sejong wa Korea alizikamilisha 1443, zikatangazwa 1446, kwa ajili ya watu wa kawaida wasioweza kusoma herufi za Kichina, na maumbo yake yana sababu. ㄱ ni mchoro wa shina la ulimi limenyanyuka kuziba koo, ㄴ ni ncha ya ulimi imegusa juu nyuma ya meno, ㅁ mdomo, ㅅ jino, ㅇ koo. Ongeza mstari kwenye ㄱ unapata ㅋ, k yenye pumzi, hivyo hivyo ㄷ inakuwa ㅌ, t yenye pumzi, na ㅈ inakuwa ㅊ, ch yenye pumzi. Haya yote nimeyajua kwa kuhangaika mwenyewe usiku, darasani hayakuguswa hata kidogo, sisi tunakaririshwa konsonanti 14 na irabu 10 kama namba za simu.

Na mwalimu ni Mswahili mwenzetu jamani! Hiyo pumzi watu wa pwani wanayo, waulize wazee wa Mombasa paa la nyumba na paa mnyama wanavyoyatofautisha. ㅇ ikikaa mwisho wa silabi ni ng' ya ng'ombe, ikikaa mwanzo haina sauti, imekwisha. Yeye kaandika "ng" tu, watu wakaisoma ya ngoma, 강 ambayo maana yake ni mto wa maji ikawa "kanga".

Dada mmoja akauliza vizuri tu mbona ramani za zamani zinaandika mji wa Pusan na za sasa Busan, akajibiwa "yote sawa, tuendelee". Si jibu hilo! Herufi ya kwanza ya jina hilo, ㅂ, ikianza neno si b yetu kamili wala si p yenye pumzi, kwahiyo kila mwandishi anaikisia, na mwaka 2000 Korea Kusini ikabadili utaratibu wake wa kuandika kwa herufi za kirumi ndo P ikawa B. Kwa Kikorea ni 부산 ile ile. Hapo hapo angeweza kuwaonyesha watu kwanini jedwali lake halifai, kakaa kimya.

Mwenye rekodi za sauti za herufi zote, zile za msingi na zile za kuunganisha, zimeelezwa kwa Kiswahili, aziweke hapa tafadhali, tuko wengi tunazihitaji. Na wewe mwalimu kama uko humu, ama urudie somo la kwanza bila hilo jedwali ama urudishe ada zetu.