Ng'ombe kabana maziwa baada ya kubadilisha mkamuaji, ni neva au homoni?

Zizi_Dogo: Wakuu habari za asubuhi. Nina ng'ombe chotara, uzao wa pili, alikuwa anatoa lita 10 asubuhi bila shida. Wiki iliyopita kijana aliyekuwa anakamua kaenda kwao msibani nikachukua mwingine, huyu ana haraka na sauti iko juu muda wote, sasa tunapata lita 2, ikizidi sana 2 na nusu, ng'ombe anarusha mateke na kiwele kinabaki kimejaa vilevile. Maziwa hayana mabonge wala damu. Jirani anasema mishipa ya fahamu ya kiwele imekufa, mwingine anasema homoni hizo nimchome sindano ya kushusha. Nani yuko sahihi?

BiMtindi: Kila mmoja kashika kipande, maana hivyo vitu vinapokezana kazi. Ukimshika chuchu, neva zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo mpaka ubongoni, huko tezi ya pituitari inamwaga homoni inaitwa oksitosini kwenye damu, ikifika kwenye kiwele inafanya vile vijifuko vidogo vyenye maziwa vijikamue. Neva ni fasta sana ila homoni inasafiri na damu, ndo maana unasubiri kama dakika moja hadi mbili. Hizo lita 2 zako ni yale yaliyokuwa yameshashuka yenyewe karibu na chuchu, kwa ng'ombe ni kama asilimia 20 tu, mengine yote yako juu yanasubiri amri.

Mbishi wa Bonde: Hapo sijaelewa dada. Kama neva zimeweza kupeleka habari si zirudishe na jibu, mpaka lizungushwe kwenye damu ya nini?

BiMtindi: Swali zuri, na kuna watu walilipima. 1941 huko Marekani watafiti Ely na Petersen walikata neva za nusu ya kiwele, nusu nyingine wakaiacha, na bado pande zote mbili zilishusha maziwa. Kwahiyo amri ilikuja na damu. Halafu wakawa wanapasua mifuko ya karatasi karibu na ng'ombe ashtuke, maziwa yakagoma (mtu mzima na elimu yake anapasua mifuko zizini, nacheka kila nikikumbuka). Akiogopa, neva zinaamsha tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, inabana mishipa ya damu ya kiwele na kuizuia oksitosini isifanye kazi. Huyo kijana wako na makelele yake ndo mfuko wa karatasi wenyewe.

Mzee wa Malisho: Sisi wa ng'ombe wa asili hilo tunalijua zamani bila kusoma, ndama asipokuwepo hupati kitu, anyonye kidogo kwanza ndo mama anashusha. Sindano mwanangu usiifanye ya kila siku, akizoea atakuwa hashushi mpaka achomwe, na hata hiyo moja muulize kwanza daktari wa mifugo. Mwoshe kiwele na maji ya uvuguvugu, mpe pumba zake, subiri hiyo dakika, halafu ukamue mfululizo umalize ndani ya dakika 5 mpaka 7, hiyo homoni yake ya mwilini haikai. Ukiosha ukaenda kupokea simu ujue umeshachelewa.

Zizi_Dogo: Duh, kumbe mimi naosha halafu naanza kutafuta ndoo 😂 Asanteni, narudi na majibu.

Zizi_Dogo: Mrejesho siku ya tano. Kijana nimempa kazi ya kukata majani, nakamua mwenyewe kimya kimya. Juzi lita 6, leo 8 na kidogo, mateke hakuna. Jirani nimemwonyesha ndoo, anasema basi mishipa imefufuka.

Mbishi wa Bonde: Huyo jirani mlete humu tafadhali.