Mama yangu kapelekwa Roma mwaka wa Jubilei, Mlango Mtakatifu hakuuvuka. Wakala arudishe hela zetu

Wakuu, nimekaa kimya tangu mwezi wa saba mwaka jana nikisubiri ofisi moja ya safari hapa Dar itimize ahadi ya kukaa na sisi mezani. Wamenizungusha, wamenipa tarehe juu ya tarehe, na sasa hata simu hawapokei. Jina la ofisi silitaji kwa sababu malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani, ila walichotufanyia nitakisema chote. Naona wameshaanza kutangaza safari nyingine ya mwaka huu, na watu wanauliza "bei gani kwa familia?" bila kujua wanauziwa nini.

Sisi tuliuziwa hivi. Kipeperushi kilikuwa na picha ya meli kubwa ya kitalii na maandishi manene: BARCELONA, MARSEILLE, FLORENCE, ROMA, NAPOLI. Chini yake: "Kila kitu kimelipiwa." Na kwa kuwa 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei, yaani mwaka mtakatifu wa Kanisa Katoliki ambao mahujaji huuvuka Mlango Mtakatifu, mlango wa Basilika unaofunguliwa mwaka huo tu, wakaongeza mstari ambao ndio uliotufanya tutoe hela: "Pamoja na hija ya Mlango Mtakatifu, usajili tumeshughulikia."

Mama ni mwalimu mstaafu na ni mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania) wa miaka mingi. Siku Papa Fransisko alipoufungua Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, mkesha wa Noeli 2024, alikuwa mbele ya televisheni na rozari yake mkononi. Akasema hiyo ndiyo safari anayoitaka kabla Mungu hajamwita. Jubilei ya kawaida huja kila baada ya miaka 25. Mama ana miaka 71, kwa hiyo hesabu mnaiona wenyewe. Mimi, mume wangu na kaka zangu tukachanga, na kaka yangu wa Mwanza akauza kiwanja. Tukasema tumpeleke Bibi pamoja na wajukuu wawili, shule zikiwa zimefungwa mwezi wa sita, wafurahi wote.

Sasa hiyo "Roma".

Meli kubwa hizi hazifiki Roma. Zinafunga gati Civitavecchia, bandari ya tangu enzi za Kaisari Trajano, kama kilomita 80 kutoka Vatikani. Ni sawa na kumwambia mtu unampeleka Dar halafu unamshusha Bagamoyo, namna ya kufika Posta atajua mwenyewe. Na wakala analijua hilo fika! Kwenye karatasi ya kampuni ya meli, ambayo tulikabidhiwa tukiwa tayari tuko uwanja wa ndege, imeandikwa Civitavecchia, na Roma iko kwenye mabano. Kwenye kipeperushi chake cha Kiswahili Civitavecchia haionekani popote. Aliifuta kwa makusudi, kwa sababu mteja akiiona atauliza.

Halafu ratiba ikaangukia Jumapili. Makumbusho ya Vatikani, ambamo ndimo ilimo Kapela ya Sistina, hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Siyo siri, iko kwenye tovuti yao miaka yote. Yetu haikuwa ya mwisho wa mwezi. Lakini kwenye risiti yetu kuna "kiingilio Makumbusho ya Vatikani" kwa watu watano, tumelipa na stempu imegongwa. Nauliza, kiingilio hicho kililipwa kwa nani, mlango ukiwa umefungwa?

Asubuhi ile tulishuka melini mapema kadiri ilivyowezekana. Tuliahidiwa basi letu na mtu mwenye bango. Pale gatini kulikuwa na mabango ya kila lugha, la kwetu halikuwepo. Nikampigia wakala, hapokei. WhatsApp, tiki moja. Mama amesimama juani na kitenge chake cha WAWATA alichokipiga pasi tangu usiku, anauliza, "Mwanangu, hao watu wetu wako wapi?" Ikabidi tununue nafasi kwenye basi la meli kwa zaidi ya dola mia moja kwa kichwa, mtoto na mkubwa bei moja. Kesho yake dada mmoja wa Mombasa, anayefanya kazi ya usafi wa vyumba humo melini, ndiye aliyetuambia kwamba kutoka Civitavecchia kuna treni ya kawaida inayosimama kituo cha Roma San Pietro, mwendo mfupi tu wa miguu hadi Basilika, na nauli yake ni euro chache. Mgeni kabisa katupa kwa dakika mbili taarifa ambayo mtu tuliyemlipa hakutupa kwa miezi mitano.

Basi likakwama kwenye foleni kuingia mjini. Tulifika ikikaribia saa sita mchana, tukaambiwa saa nane na nusu kila mtu awe ndani ya basi, atakayechelewa meli haimsubiri.

Tukakimbilia Piazza Pia, mahali ambapo mahujaji walikuwa wanapangwa makundi na kupewa msalaba wa kuutanguliza, kisha wanatembea wakisali kupita barabara ya Via della Conciliazione mpaka kwenye Mlango. Kijana wa kujitolea akatuomba uthibitisho wa usajili. Nikamtolea karatasi ya wakala. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akamwita mwenzake, nao wakaitazama wote wawili. Ilikuwa na nembo ya ofisi ya Dar, majina yetu matano, na maneno "usajili umekamilika". Hakuna namba, hakuna alama ya kuskani, hakuna saa. Yule kijana akanieleza kwa upole kwamba karatasi hii haikutoka kwao. Usajili unafanyika mtandaoni, mhujaji anachagua siku na saa, na ni BURE. Siku ile nafasi zilikuwa zimejaa.

Bure, wakuu. Kwenye risiti yetu "usajili wa Jubilei" ni dola 60 kwa mtu.

Ikabaki foleni ya kawaida ya ukaguzi, ile inayozunguka nguzo za Bernini, zile zinazouzunguka uwanja wa mbele ya Basilika. Tukajipanga. Saa sita Papa Leo wa 14 akatoka dirishani kusali Malaika wa Bwana, na sisi tuko mbali, tunasikia sauti yake kwenye vipaza sauti. Mama akapiga magoti pale pale kwenye mawe, na goti lake moja lina maji, daktari alishamkataza. Alipoinuka ilibidi ashikwe pande mbili. Foleni ikaendelea kusogea kidogo kidogo. Saa nane kasoro tulikuwa bado chini ya nguzo, mashine za ukaguzi tunaziona, watu wanapita, na mume wangu anatazama saa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi. Mama ndiye aliyesema turudi. Akagusa nguzo, akafanya ishara ya msalaba, akageuka.

Papa Fransisko alipofariki Aprili 2025, wakala akaongeza ahadi kwamba tutazuru pia kaburi lake katika Basilika la Santa Maria Maggiore. Liko upande mwingine wa mji. Kwa muda ule hata kulitaja ilikuwa ni kumwongezea Mama uchungu.

Tarehe 6 Januari 2026 Papa Leo ameufunga Mlango ule. Tuliangalia tukiwa nyumbani. Nataka huyo wakala anieleze hicho anakirudishaje, maana kila ninapomtafuta anazungumzia "fidia kidogo ya usumbufu".

Pisa nisiikalie sana, lakini nayo ni ushahidi. "Florence" ya kwenye kipeperushi ni bandari ya Livorno, makontena na makreni, na Florence yenyewe iko karibu kilomita 90 kutoka hapo. Hatukuiona. Kwenda Pisa ni karibu, tukaenda wenyewe kwa sababu tulikuwa na tiketi za wakala za kupanda Mnara wa Pisa, ule ulioinama, watu watano. Pale mlangoni tukaambiwa mtoto chini ya miaka 8 haruhusiwi kupanda. Mwanangu mdogo ana miaka 6. Wakala alikuwa na nakala za pasipoti zetu zote, tarehe za kuzaliwa anazijua. Na Mama mwenye goti lile alimkatia tiketi ya kupanda ngazi zaidi ya 250! Hakuna aliyefikiria kwamba ni watu, aliona vichwa vitano vya kutoza.

Napoli angalau meli inafunga gati mjini kabisa, ukivuka barabara uko mbele ya ngome ya Castel Nuovo. Tukapanda treni kwenda Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvio mwaka 79. Watoto waliipenda, wakakimbia kwenye zile barabara za mawe zenye alama za magurudumu ya zamani, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Mama akicheka. Dirishani nikatoa vocha za wakala, hazitambuliki. Nikalipia wakubwa watatu. Watoto yule mama wa dirishani akanipa tiketi bila kuchukua hata senti, akanionyesha kibao: chini ya miaka 18 ni bure. Ndivyo ilivyo kwenye makumbusho na maeneo ya kale ya serikali ya Italia, hata ukitoka Tanzania. Wakala ametoza watoto wangu wawili kiingilio cha Pompeii. Ametutoza "kiingilio cha Basilika la Mtakatifu Petro", na Basilika haina kiingilio. Nikaanza kupekua risiti nzima usiku ule kitandani. Viza ya Schengen, ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa kuanzia miaka 6 mpaka kabla hajafika 12. Wanangu wana miaka 6 na 11. Sisi tulitozwa 90 mara tano.

Kuhusu "kila kitu kimelipiwa": usiku wa mwisho ilikuja bili chumbani. Ada ya huduma kwa kila mtu kwa kila siku, hadi ya mtoto. Maji ya chupa. Soda. Intaneti, ambayo nilinunua ili kumtafuta yeye yeye wakala. Ada ya huduma ni utaratibu wa kawaida wa meli nyingi za namna hii na kampuni ya meli imeiandika wazi kwenye masharti yake, siilaumu. Namlaumu aliyesoma masharti hayo kwa Kiingereza, akatuandikia sisi Kiswahili kinachosema kinyume chake.

Tuliporudi nilikwenda ofisini na risiti, tiketi na picha. Meneja akaniambia, "Dada, mambo ya bandari anapanga mwenye meli, sisi tunauza tu." Nikamwambia sijalalamikia mahali meli ilipofunga gati. Nalalamikia kwamba ulijua na ukaficha, na kwamba umetuuzia vitu vya bure. Akaniambia niandike barua. Nimeandika barua tatu, zote wamezipokea kwa sahihi. Jibu sijaliona.

Kuna watakaokuja hapa kusema "kwa nini hamkuangalia mtandaoni?" Tulilipa wakala ili ajue kwa niaba yetu. Hiyo ndiyo kazi yake, na hiyo ndiyo asilimia aliyoichukua. Mama wa miaka 71 hawezi kudaiwa ramani ya bandari za Italia.

Na tangazo lao jipya, ambalo ndilo limenifanya niandike leo, linasema "VENICE NA MELI, mlango kwa mlango". Wanaotaka kulipia wajue hili: tangu tarehe 1 Agosti 2021 serikali ya Italia imezuia meli za zaidi ya tani 25,000 kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko na kwenye mfereji wa Giudecca. Nyingine sasa zinafunga gati Marghera upande wa bara, na nyingine zinauzwa kwa jina la Venice wakati zinashusha watu Ravenna au Trieste, zaidi ya kilomita 100 kutoka Venice. Na siku nyingi za msimu wa watalii mgeni wa kutwa anatakiwa kulipia ada ya kuingia mjini, ilianza 2024. Kabla hujatoa hela, muulize wakala akuandikie kwa mkono wake: bandari inaitwaje, iko umbali gani na mji, nani anatupeleka, meli inaondoka saa ngapi, na siku hiyo ninachokwenda kukiona kiko wazi? Akianza kusema "usijali, kila kitu kiko sawa", ondoka na hela yako.

Tunachodai ni hela yote ya usajili wa Jubilei, viingilio vyote hewa, tofauti ya viza za watoto, basi la Civitavecchia, na barua ya kumwomba Mama radhi iliyosainiwa na mwenye ofisi mwenyewe, siyo msaidizi. Hiyo barua ndiyo sitaiachia.

Kama wewe au ndugu yako mlisafiri na kifurushi cha Jubilei mwaka jana mkapewa karatasi ya "usajili umekamilika" isiyo na namba, naomba uje PM na picha ya karatasi na risiti. Jumatatu napeleka jalada, na nikipeleka la familia tatu au nne halitakuwa sawa na la mmoja.