Nahamia Arusha na mbwa wawili: Njiro yenye pevingi au Moshono yenye migomba?

Mtoka_Sinza:
Wakuu, habari za jioni. Nahamishiwa Arusha kikazi mwezi wa tatu. Nakuja na mke, mtoto wa darasa la pili na mbwa wawili: Simba, dume jamii ya German Shepherd, na Kadogo, jike wa kienyeji ambaye kazi yake duniani ni kuchimba.

Wikiendi nilipanda kuangalia nyumba, zikabaki mbili. Ya kwanza ipo Njiro: ukuta, geti la maana, juu waya wa umeme. Nyuma hatua kama 12 kwa 7, pevingi mwanzo mwisho, mti hakuna hata wa kusingiziwa. Ya pili Moshono, kodi iko chini kidogo. Nyuma kuna eneo la kutosha kabisa, migomba na parachichi mbili kubwa, ila uzio ni michongoma, upande mmoja minyaa. Mwenye nyumba ni bibi anayeishi jirani, anafuga kuku.

Moyo uko Moshono, mke yuko Njiro. Dalali anasema nilipie leo, "mbwa si tatizo, ni ulinzi tu". Wenye mbwa huko, mngechukua ipi?

Chalii_wa_Kijenge:
Njiro, mkuu. Usiku utalala.

Mzee_wa_Tengeru:
Mdogo wangu, mimi nilikuwa bwana mifugo wa halmashauri mpaka nilipostaafu, na mbwa nimewatibu kuliko ng'ombe, ingawa mshahara ulikuwa wa ng'ombe. Usihesabu hatua kwanza. Mbwa ukimwachia hata ekari nzima hakimbii peke yake; atazunguka siku ya kwanza, ya pili utamkuta amelala getini anasubiri mtu. Huyo Simba wako lazima umtoe barabarani alfajiri kila siku, iwe Njiro iwe Moshono. Nyuma ya nyumba ni pa kujisaidia, kunusanusa na kulala kivulini.

Sasa rudi Njiro saa nane mchana, jua likiwa kali, uweke kiganja juu ya hiyo pevingi. Kama mkono unauondoa, na yeye nyayo zinamuungua. Halafu mkojo hauna pa kwenda, unakaa kwenye viungo vya matofali. Harufu yake jirani ataijua kabla yako.

Watu watakuambia Moshono kuna majani, kwa hiyo kutakuwa na kupe. Hapo nisikilize. Yule kupe wa kahawia anayesumbua mbwa anapenda sana makazi ya mbwa mwenyewe. Akishashiba damu anadondoka, anapanda ukutani na kutaga kwenye nyufa za banda, nyuma ya fremu ya mlango, chini ya gunia la kulalia. Nimeingia nyumba za ukuta mzuri, sakafu ya marumaru, nikamulika tochi pembeni mwa dari nikakuta wamepangana. Kwa hiyo nyumba yoyote utakayochukua, uliza kama mpangaji aliyetoka alikuwa na mbwa. Kama alikuwa naye, nyufa zizibwe na banda lipuliziwe dawa kabla hujaingia, ukarudie baada ya wiki mbili hivi, maana mayai huwa yanabaki. Ukiona mbwa amepoa, hataki kula, fizi nyeupe na mkojo kama chai ya rangi, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari.

Moshono shida zako ni nyingine. Minyaa ina utomvu mweupe, tawi likivunjika ukaingia jichoni ni balaa, kwa mbwa na kwa mtoto. Ukiingia, osha kwa maji mengi, kisha daktari. Parachichi nalo: zinaanza kudondoka, mbwa anakula nyama ya tunda, ananenepa, anakuwa na manyoya yanayong'aa, unafurahi. Ila akimeza kokwa linaweza kuziba utumbo, na hapo ni kisu tu. Okoteni kila asubuhi. Kagua na mfuniko wa shimo la choo, kwenye nyumba za zamani unakuta ni zege jembamba limefunikwa majani.

Na nenda mvua ikinyesha. Kule ni mteremko wa Meru, maji yana njia zake. Ujue kama yanapita kwenye banda.

Mtoka_Sinza:
Shikamoo mzee, na asante sana. Tuseme Moshono. Kadogo michongoma ataimaliza kwa siku moja. Na nani anagharamia uzio?

Mama_Kibo:
Mimi nipo Moshi, Soweto, wa kwangu ni watatu. Kaka, kabla ya uzio, mkataba. Mwenye nyumba wangu wa zamani aliniambia kwa mdomo "hakuna shida mama". Desemba watoto wake wakapanda kula sikukuu, mmoja anaogopa mbwa, nikaambiwa niwaondoe kabla ya Krismasi. Kodi ya miezi sita nilikuwa nimeshalipa. Sasa hivi naandika: mbwa wangapi, wanalala wapi, na nikiweka wavu nani analipa na unabaki kwa nani nikihama. Ya dalali achana nayo, yeye akishapata kodi yake ya mwezi mmoja hutamuona tena.

Halafu chanjo ya kichaa, kila mwaka, kadi uiweke karibu. Siku mbwa akimkwaruza mtoto wa jirani, kadi ndiyo itakayoongea.

Na mwaka mpya wafungie ndani. Fataki za Moshi usizione hivi hivi, na Arusha sidhani kama mko nyuma.

Mzee_wa_Tengeru:
Marahaba. Mama Kibo amemaliza ya mkataba. Wavu usiusimamishe tu. Mchimbaji anachimbia palepale uzio unapogusa ardhi, kwa hiyo futi moja ya chini ukunje kuelekea ndani, uulaze juu ya udongo, pakia mawe. Akichimba anakutana na chuma, anasogea, anakutana nacho tena. Upande wa minyaa wavu upite mbele yake, umbali wa mkono, mbwa asiifikie kabisa. Na banda la Simba liinuliwe juu ya mbao, Juni na Julai kwetu si Sinza.

Chalii_wa_Kijenge:
Bado nasema Njiro 😂

Mtoka_Sinza:
Nimempigia bibi. Amekubali mbwa wawili kwa maandishi, wavu ninunue mimi na nusu ikatwe kwenye kodi. Minyaa hataki iguswe, aliipanda marehemu mumewe. Na kuku wake hawafungii, anasema wamezoea kupita pale kuokota wadudu kwenye migomba. Mke amesikia habari ya kokwa na anataka Njiro zaidi ya mwanzo.

Mzee_wa_Tengeru:
Minyaa muachie, wavu utatosha. Kuku hapana. Kadogo wa kienyeji na kuku wanaopita miguuni, utalipa jogoo mpaka uchoke. Mwambie bibi utamjengea banda la mabanzi upande wake, na uwapelekee kuku wadudu mwenyewe ukipenda. Akikataa, chukua Njiro, ubandue pevingi ya kona moja kwa ruhusa, uweke udongo na mti.