Mwelekeo wa mwisho wa Agosti Uingereza: baridi na hali isiyotulia. Je, tuahirishe shughuli ya nje?

MwanapwaniMK aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa ndugu wote wa imani nyingine. Mimi na mume wangu tumepanga karamu ya familia hapa Milton Keynes, uwanjani, Jumatatu ya mwisho ya Agosti, ambayo ni siku ya mapumziko kwa England na Wales. Wageni ni kama sitini, na shangazi yangu aliyekuja kutoka Mombasa ni mmoja wao. Zimebaki siku 11. Mwelekeo niliousoma leo unasema joto litakuwa chini ya wastani, hali haitatulia, kutakuwa na vipindi vya mvua na upepo, na jua la hapa na pale. Sisi watu wa pwani tunajua bahari isiyotulia, lakini maneno haya kuhusu hewa yamenishinda. Je, maana yake ni kwamba siku yetu itanyesha? Mwenye hema anataka jibu na malipo kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo ninaomba ushauri wa wanaofuatilia mambo haya.

MtazamaMawingu, Reading, alijibu:

Dada, kwanza tenganisha utabiri na mwelekeo. Utabiri hukuambia jambo la siku fulani mahali fulani, ilhali mwelekeo hukuambia tabia ya kipindi kizima, kama vile Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inavyosema kwamba vuli itakuwa ya wastani hadi juu ya wastani bila kutaja tarehe ya mvua ya Tanga. Katika siku ya 11 hakuna anayeijua Jumatatu yako, hata hao walioko mtaani kwetu, maana Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Masafa ya Kati kina makao yake hapa Reading. Kompyuta zao huendesha hesabu ileile mara zipatazo hamsini, kila moja ikianza na tofauti ndogo sana ya hali ya sasa. Majibu yakikubaliana, mtabiri husema kwa ujasiri. Yakitawanyika, hutumia maneno ya jumla kama hayo uliyoyasoma.

Sababu ya hali yenyewe iko juu sana, kilomita tisa hadi kumi na mbili hivi kutoka ardhini, ambako unapita upepo wa kasi uitwao mkondo wa jeti. Majira ya joto yakiwa mazuri, mkondo huo hukaa kaskazini ya Scotland na kuuacha mgandamizo mkubwa wa hewa, uletao utulivu, kutoka visiwa vya Azores utanuke hadi kwetu. Ukiteremka kusini na kupita juu yetu, hufanya kazi kama reli: mifumo ya mgandamizo mdogo wa hewa, iletayo mvua na upepo, husafiri juu yake kutoka Atlantiki, mmoja nyuma ya mwingine, na kati ya mfumo na mfumo hupatikana saa kadhaa za jua, pengine siku nzima. Hiyo ndiyo hali isiyotulia. Si mvua ya mfululizo, ni kubadilika mara kwa mara.

KishambaPreston alijibu:

Ninakubaliana na kaka wa Reading, ila ninaongeza kwamba mahali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Upepo ukitoka magharibi, sisi wa Lancashire tunapokea mvua kwanza, milima ya Pennines inakamua iliyobaki, na ninyi wa upande wa mashariki mnapata makombo. Seathwaite kule Cumbria hupokea zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, na Cambridge, isiyo mbali nanyi, haifikii 600. Kwa hiyo mwelekeo wa nchi nzima ukisema mvua, msiusome ninyi kama tunavyousoma sisi.

Mimi wasiwasi wangu ni nyanya. Nina kishamba nilichokodi kwa halmashauri, na kipindi kama hiki ndicho kinacholeta bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na matunda ya nyanya. Hapa, kupima hatari yake, hutumika kigezo cha Hutton: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku unyevu wa hewa ukafika asilimia 90 kwa saa zisizopungua sita. Kwa hiyo baridi ya wastani yenye mawingu ni mbaya kwangu kuliko baridi kali. Nikiona hali hiyo inakuja ninachuma hata zilizo kijani na kuziivisha ndani.

MkaziNorwich alijibu:

Samahani, hilo la makombo lina masharti. Upepo ukigeuka na kutoka kaskazini, kama inavyotokea mfumo wa mgandamizo mdogo ukishapita na kutua Bahari ya Kaskazini, milima hiyo haitukingi kitu, na mvua hutua kwetu moja kwa moja. Mji wetu haujasahau tarehe 26 na 27 Agosti 1912, ulipofurika vibaya. Mwezi ule ulikuwa Agosti ya baridi kuliko zote katika rekodi ya katikati ya England inayoanzia 1659: wastani wa nyuzi 12.9, mchana na usiku pamoja, wakati siku hizi tumezoea 16 hadi 17.

Jambo la pili, mwisho wa Agosti ni msimu wa vimbunga huko Atlantiki, na mabaki yake mara nyingine hufika huku. Jumatatu ya mapumziko ya 1986, tarehe 25 Agosti, mabaki ya kimbunga Charley yalimwaga mvua kubwa Ireland na Uingereza. Sisemi itakuwa hivyo mwaka huu. Ninasema tu kwamba mfumo wa aina hiyo ukiingia, majibu ya kompyuta huvurugika kwa siku kadhaa, na utabiri wa jana hauna thamani leo.

MwanapwaniMK aliandika:

Ahsanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Je, kama hatuahirishi, kuna saa iliyo salama zaidi? Na mchana ukiwa na nyuzi 17 tu, shangazi atazivumilia? Kwao hata usiku wa kipupwe huzunguka nyuzi 20.

MtazamaMawingu, Reading, alijibu:

Inategemea ni mvua ya aina gani, na hilo utalijua kati ya Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo. Ukiona katika ramani ukanda mrefu wa mvua unavuka nchi, basi uliza unaingia saa ngapi na unatoka saa ngapi, kwa sababu ukanda haujali mchana wala usiku. Lakini kama ni mvua za kupita, zinazozaliwa jua linapopasha ardhi joto chini ya hewa baridi ya juu, basi bara kama kwenu asubuhi huwa nzuri, manyunyu huanza kuota karibu saa 7 mchana, hushika nguvu hadi saa 11 jioni, kisha hufifia. Biriani lipakuliwe saa 6. Simu ikikuonyesha asilimia 40 kwa saa fulani, usiseme mvua itanyesha asilimia 40 ya saa hiyo. Maana yake ni kwamba katika hali kumi kama hiyo, nne zingewanyeshea.

Hema lipia, lenye kuta za pembeni, kwani upepo ndio utakaomwonea shangazi kuliko hizo nyuzi 17. Na tafadhali, mvua ikishuka, jiko la mkaa la mishkaki lisiingizwe hemani hata likiwa karibu kuzimika, maana gesi yake haionekani wala hainuki na inaua.

MwanapwaniMK aliandika:

Nimelipia lenye kuta. Kadi nimebadilisha, wageni wafike saa 5 asubuhi, ingawa kwa wageni wetu hiyo maana yake ni saa 7.